Elohimu, Yehova, Chapanga: tunamwita nani?

Wiki hii hosteli imekesha, na si kwa sababu ya testi. Jamaa mmoja wa ghorofa ya juu katangaza kwamba anayeomba kwa neno "Mungu" anapoteza muda wake, eti jina halali ni la Kiebrania tu, na mabibi zetu waliosema Chapanga walikuwa wanaita mizimu. Mimi mtu wa Ruanda, Mbinga. Hilo la mabibi lilinichoma, nikaingia maktaba.

Tuanze na Elohimu, maana hapa ndipo hoja yake inapopasuka. Limo kwenye Biblia ya Kiebrania kama mara 2,600. Wanaosoma Kiswahili wataipenda hii: umbo lake ni la wingi, lakini likimtaja Mungu wa Israeli kitenzi kinakaa umoja. Ni kama uandike "Miungu aliumba", mwalimu wa sarufi akupe sifuri! Na neno hilohilo linatumika pia kwa miungu ya mataifa mengine. Yaani si jina la siri, ni neno la kawaida.

Ndugu yake, El, ana historia nzito zaidi. Mwaka 1928 mkulima mmoja kule Syria alikuwa analima, jembe likagonga jiwe la kaburi. Wachimbaji walipofika Ras Shamra mwaka uliofuata wakaanza kufukua mji wa kale wa Ugarit, na vibao vya udongo ambamo El ndiye mkuu wa miungu. Mji wenyewe uliangamia karibu mwaka 1200 KK. Kwa hiyo Waisraeli walilikuta neno kwa majirani, wakalitumia, wakalijaza maana yao. El huyo tunaye hata hapa chuoni: Danieli, Mikaeli, na wale wenzetu wa Kilimanjaro na Upareni, kina Elibariki na Elirehema. Nusu Kiebrania, nusu Kiswahili, na hakuna anayewaambia wabadilishe vyeti.

Sasa jina lenyewe hasa, zile herufi nne, YHWH. Limo zaidi ya mara 6,800, na Kutoka sura ya 3 inalifunga na kitenzi cha "kuwa". Wayahudi kwa heshima waliacha kulitamka, wakawa wanasoma Adonai, "Bwana wangu". Baadaye Wamasoreti walipotia alama za irabu, wakaweka zile za kumkumbusha msomaji aseme Adonai. Watu wa Ulaya wakasoma konsonanti za neno moja na irabu za neno jingine, likatoka "Yehova". Kwa hiyo hata hilo analolipigania jamaa limepikwa njiani. Kipande kilichobaki salama ni "Yah", na kila mtu anakiimba: Haleluya, msifuni Yah.

Kwa Kigiriki likawa Kyrios, na kwetu likawa Bwana. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza na Mwanzo; Biblia nzima ya Kiswahili ikatoka 1891, na ile ya Union tunayobeba wengi ikatoka 1952. Hapa nina neno. "Bwana" lilikuwa pia neno la mwenye watumwa, halafu likawa la mkoloni, Bwana Mkubwa, Bwana Shauri. Jina linalosema "yupo" likavaa kofia ya bosi. Biblia ya Habari Njema ikachagua "Mwenyezi-Mungu", ambalo Waislamu wa pwani walikuwa wakilitumia zamani kabla ya mmisionari yeyote kushuka melini. Mimi nalipenda zaidi, lakini nalo ni cheo.

Na "Mungu" lenyewe? Ni ndugu wa Mulungu wa Wayao na Wanyanja. Chapanga kwetu, na kwa Wangoni pia, wengi tunasikia ndani yake kupanga. Waganda wana Katonda, kutokana na kuumba. Ni njia ileile ya El: neno lilikuwepo, imani ikaingia ndani yake.

Jamaa asome Mwanzo 16. Hajiri, mtumwa, mwanamke, Mmisri, katoroka na ujauzito wake, yuko jangwani kwenye kisima. Yeye ndiye mtu wa kwanza kwenye Biblia kumpa Mungu jina: El Roi, Mungu anayeona. Hakuuliza matamshi sahihi. Alichukua neno alilolijua, akaongeza lililomtokea, na hakuna aliyemsahihisha.

Misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita nchi hii yetu ya Ruvuma, katika karne ya 19. Waliofungwa humo hawakuwa na Kiebrania. Walikuwa na Mulungu na Chapanga.