Majina Yako Songea, Mifupa Iko Berlin

Ukimwuliza Mngoni wa Songea asili yake, mkono wake utaelekea kusini. Atakusimulia habari za Zwangendaba, za kukimbia vita vya Shaka, za kuvuka mto Zambezi mwaka 1835 siku jua lilipopatwa, hadi wazee wakafika Ufipa na baadaye koo zikasambaa zikaingia huku Ruvuma. Safari hiyo imekwisha kuandikwa. Padre Elzear Ebner wa Peramiho aliikusanya katika kitabu chake cha historia ya Wangoni. Ndugu msomaji, safari yangu mimi imeelekea upande mwingine. Nataka kwenda Berlin, tena mwezi Januari, baridi kali, kutafuta wazee.

Washkaji wa kijiweni hapa Mjimwema wananicheka. "Wewe ukoo wako umeanzia Ujerumani tangu lini?" Haukuanzia huko jamani. Ulibebwa ukapelekwa.

Mji wetu wenyewe unaitwa kwa jina la mtu aliyenyongwa. Songea Mbano alikuwa nduna katika utawala wa Njelu, na Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897, jina lake ndilo likabaki kuwa jina la mji. Vita vya Maji Maji vilipolipuka Umatumbi Julai 1905, dawa ya Kinjikitile ilipita misituni mkono kwa mkono mpaka ikatufikia. Mputa Gama wa Njelu akaingia vitani, Chabruma wa Mshope naye akaingia. Bunduki zikashinda. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wengi walinyongwa hapa mjini, wakafukiwa katika kaburi moja. Songea Mbano alifuata siku chache baadaye. Wazee wanasema alizikwa bila kichwa. Kichwa kilikatwa, kikaenda Ujerumani.

Baada ya kamba ikaja njaa. Mashamba yalichomwa, vihenge vikateketezwa, na watu wakafa kuliko waliokufa kwa risasi. Wapo wanaokadiria kwamba kusini nzima walipotea hadi watu 300,000. Mmoja wa waliopotea ni babu yake bibi yangu mzaa mama. Askari walimchukua, hakurudi. Alinyongwa? Alikufa njiani akibeba mizigo? Bibi hajui. Jina lake tu ndilo analo.

Sasa tuangalie upande wa pili. Septemba 2023, Taasisi ya Urithi wa Utamaduni ya Prussia, iliyoko Berlin, ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyokusanywa enzi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mafuvu 904 yalitoka Rwanda ya leo, 197 Tanzania, 27 Kenya. Hebu fikiri: Watanzania 197 wamekaa ndani ya maboksi miaka mia na zaidi, na wengi wao hawana jina, wana namba.

Huko kuna mifupa isiyo na majina. Huku tuna majina yasiyo na mifupa.

Lakini katika utafiti huohuo mafuvu matatu yalipata wenyewe. Vinasaba vililinganishwa na vya watu walio hai wa Kilimanjaro, vikaoana. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", nao watafiti wakajua waanze kuuliza kwa jamaa wa mshauri wa Mangi Meli, yule aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Angalia jinsi mlango ulivyofunguka. Neno moja la wino lilionyesha njia, ndipo damu ikathibitisha. Bila kujua umwulize nani, hata maabara ya kisasa itabaki kupapasa gizani.

Kwa hiyo wanaodhani kwamba safari hii inaanzia uwanja wa ndege wanakosea. Inaanzia uani kwa bibi. Nimeanza kurekodi wazee kwa simu: jina la mtu, la baba yake, kijiji, nduna aliyemtii, nani alimwona mara ya mwisho. Hata sisi tulioishia kidato cha nne tunaiweza kazi hii. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji, wakati huo waliokuwepo vitani wakiwa bado hai. Sisi tumebaki na wajukuu zao, nao wanazeeka.

Kituo cha pili ni Peramiho, ambako Wabenedikto wapo tangu 1898. Cha tatu ni Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwenye mafaili yaliyoachwa na Wajerumani wenyewe. Sitapita Njombe. Nitapanda basi la Tunduru, Masasi, Lindi, niifuate kinyume njia iliyoleta maji ya vita. Mkoani Lindi ndiko iliko Tendaguru, walikochimba mifupa ya mijusi wakubwa kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita. Mmoja wao amesimama katika jumba la makumbusho Berlin, urefu wake zaidi ya mita 13, na watu wanalipa kiingilio kumwona.

Sasa kwa nini Januari? Mfuko ndio umeamua. Mahindi yetu huuzwa kuanzia Julai, hela ikishikika ndipo uombe viza: ada euro 90, bima ya euro 30,000, taarifa ya benki, barua ya mwaliko. Nauli za kiangazi cha Ulaya hazigusiki. Baada ya sikukuu hushuka. Mama anauliza nani atapiga palizi mvua ikichanganya. Swali lake ni zito. Nimekubaliana na mdogo wangu, naye ameshataja bei yake. Koti la mtumba nimelipata Lizaboni.

Berlin nitakwenda kwanza Lichterfelde, kwenye nyaraka za Wizara ya Makoloni. Barua nyingi ziko kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata vijana wao hauwapandi, nami najifunza herufi zake jioni. Kisha nitakwenda mtaa wa Wedding. Huko kulikuwa na barabara ya Carl Peters, yule ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 2024 kipande chake kilibadilishwa jina, kikaitwa Maji-Maji-Allee.

Jina la barabara ni jambo jema. Radhi pia ni jambo jema: tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja mwenyewe Songea, akaomba msamaha, akasema watasaidia kulitafuta fuvu la nduna, ila hakuahidi kwamba litapatikana. Historia inatufundisha kwamba mambo haya huchelewa. Kichwa cha Mkwawa kilidaiwa kwenye Mkataba wa Versailles mwaka 1919, kikarudi Kalenga mwaka 1954. Miaka thelathini na mitano! Na huyo alikuwa mtemi mwenye jina lililotajwa ndani ya mkataba. Babu yake bibi yangu hakutajwa popote.

Ndiyo maana nakwenda na daftari. Huenda nisimpate. Lakini majina niliyoyakusanya nitayaacha nakala pale Berlin, na nakala nyingine hapahapa Songea, ili siku fuvu moja likisemekana limetoka Ungoni, pawepo orodha ya kuanzia.

Na wewe unayetamani kuandika riwaya huku ukilalamika kwamba huna kisa, bibi yako yupo? Kaa naye jioni hii, umwulize ni nani katika ukoo wenu hakurudi. Andika jina.