Chatu wa buibui: rangi iliyouzwa pamoja na kizunguzungu

Mwaka 2018 International Herpetological Society, chama cha wapenzi wa reptilia nchini Uingereza, kilipiga marufuku kuuzwa kwa chatu wa aina moja kwenye maonyesho yake: yule aliyepachikwa jina la buibui. Ngozi yake ni ya kahawia ya dhahabu, imechorwa mistari myeusi myembamba kama utando. Kichwa chake hutikisika chenyewe. Marufuku hiyo iliwagawa wafugaji, na ugomvi wao haujaisha.

Chatu mwenyewe ni wa Afrika. Python regius anapatikana kuanzia Senegal hadi Uganda, na akiogopa hujiviringa akaficha kichwa katikati ya mwili. Mjini Ouidah, Benin, ana hekalu lake na anaheshimiwa. Lakini elimu ya kumpandisha ili azae rangi inayotakiwa ilikuzwa mbali na Ouidah.

Ilianza Marekani, tena kwa nyoka mwingine. Mwaka 1953 alikamatwa North Carolina dume albino wa nyoka wa mahindi, akaishia mikononi mwa daktari wa ngozi, H. Bernard Bechtel. Daktari huyo na mkewe Elizabeth walimpandisha, na mwaka 1961 wakapata makinda albino. Mwaka uliofuata walichapisha ushahidi kwamba rangi ile inarithiwa kwa kanuni ileile ambayo Mendel aliiona kwenye njegere na kuichapisha mwaka 1866.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Ualbino wa nyoka ni jeni fichu: mtoto lazima apate nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Ukiwapandisha wabebaji wawili wenye rangi ya kawaida, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa albino. Mayai yakiwa sita, kuna uwezekano wa karibu asilimia 18 usipate albino hata mmoja. Wale ndugu wa rangi ya kawaida nao wana bei yao, kwa kuwa kila mmoja ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa mbebaji. Mnunuzi hulipia kitu asichokiona.

Mwaka 1992 Bob Clark, mfugaji wa Marekani, alipata albino wa kwanza wa Python regius kuzaliwa mikononi mwa wafugaji, na biashara ikawaka. Ndipo mwaka 1999 buibui wa kwanza akaingia Marekani kutoka Afrika, akanunuliwa na kampuni ya Kevin McCurley.

Buibui alipendwa kwa sababu ya haraka. Jeni lake ni tawala, nakala moja yatosha. Ukimpandisha na chatu wa kawaida, kwa wastani nusu ya makinda huwa buibui papo hapo, wakati mfugaji wa albino hungoja miaka mingine hadi majike wabebaji wapevuke. Akachanganywa na kila rangi iliyokuwapo. Alipopandishwa na aina iitwayo pastel, akazaliwa nyoka aliyepewa jina la nyuki-bambi. Kufikia hapo damu ya buibui ilikuwa imeenea kila mahali.

Na kutikisika nako kukaenea. Wengine hutikisika kidogo tu, wengine hupinduka chali na kukosa shabaha wanapomrukia panya. Watetezi walisema nyoka anakula, anazaa, anaishi miaka mingi, basi tatizo liko wapi? Wakajaribu kumpandisha na koo nyingine ili kasoro ifutike. Haikufutika. Tena hajawahi kuthibitishwa buibui mwenye nakala mbili za jeni lile, na wengi huamini kwamba huyo hufia ndani ya yai.

Mwaka 2022 J. Matthias Starck wa Chuo Kikuu cha Munich na wenzake walichunguza kwa skana sikio la ndani la nyoka hawa. Wakakuta mifereji inayoshika usawa wa mwili imepotoka umbo. Kwa maoni yangu hoja ya watetezi iliishia hapo. Jedwali la urithi lilitabiri mistari bila kosa, lakini halikuwa na safu ya kizunguzungu, na aliyeona kichwa kikitikisika aliendelea kuuza.



Wakati huohuo Togo, Benin na Ghana zimekuwa zikiuza nje makinda wa chatu huyu kwa maelfu, mengi ya mayai yakitoka kwa majike wenye mimba waliokamatwa porini. Faida nono ya rangi hubaki Marekani na Ulaya. Hata maarifa yako huko. Jeni la ualbino wa chatu huyu limetambuliwa Michigan, kutokana na magamba waliyojivua nyoka wa wafugaji; la mabaka meupe limetambuliwa na watafiti wa McGill, Montreal. Vyuo vikuu vya Makerere, Legon na Abomey-Calavi viko katika nchi anamoishi nyoka huyu porini. Serikali zinazotia saini vibali vya kumsafirisha zitenge sehemu ya ada hizo kwa maabara za vyuo hivyo.