Windo Kabla ya Windo

Ndege ambaye Wamarekani humwinda kila machipuko, yule tunayemwita bata mzinga, kwa lugha yao ana jina la kuazima, na mwenye jina ni kanga wetu. Waingereza wa karne ya 16 walimjua kwanza kanga wa Afrika, aliyewafikia kwa mikono ya wafanyabiashara wa milki ya Waturuki, wakamwita ndege wa Uturuki. Ndege mkubwa wa Amerika alipowafikia, akabandikwa jina hilohilo. Mwaka 1758 mtaalamu wa viumbe Linnaeus naye akampa jina la Kilatini Meleagris, neno ambalo Wagiriki wa kale walimwitia kanga. Huko Marekani, wiki kadhaa kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa, mwindaji huingia msituni kupeleleza: autafute mti wanamolala ndege, aone manyoya na mavi chini yake, ajue wanapooga vumbi, asikilize nani analia alfajiri na kutoka wapi. Hayo yote ndiyo yanayomfichua kanga pia, na hapo ndipo majina yaliyochanganywa yanapoanza kuwa na maana kwa historia ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Nadai kwamba katika nchi hii iliyo chini ya Mlima Elgon, upelelezi ndio uliokuwa uwindaji wenyewe, na kuua kulikuwa hatua ya mwisho, fupi kuliko zote. Historia iliyoandikwa imeanzia kwenye hatua hiyo fupi, yaani kwenye bunduki na leseni, na kwa hiyo imewakosa wawindaji walio wengi.

Mtazame kanga mwenyewe kama ushahidi. Mvua zinaponyesha, kundi huvunjika, dume na jike wakajitenga kwenda kutaga kwenye nyasi ndefu. Kiangazi kikirudi, makundi huungana upya na kuwa makubwa, hushuka mtoni kunywa kwa saa zilezile, na jioni hurudi kwenye miti ileile kulala. Aliyeyajua haya hakuwa na haja ya kumkimbiza ndege ambaye mbio zake humshinda mtu. Alihitaji kujua mti upi, na mwezi upi. Trans Nzoia, ambako ndiko Kitale iliko, hupanda mara moja kwa mwaka, Machi au Aprili, na kuvuna kuanzia Oktoba, kwa hiyo kati ya Desemba na Februari shamba liko wazi na kanga wanaonekana wakichakura mbegu zilizodondoka. Msemo wa Kiswahili kwamba kanga hazai ugenini hutumiwa leo kumwonya anayeisahau asili yake, lakini hakuna ambaye angeweza kuutunga bila kwanza kulifuata jike hadi kiotani na kugundua jinsi linavyochagua mahali. Msemo huo ulitanguliwa na uchunguzi wa mtu aliyekaa kimya kichakani. Mafumbo yetu mengi yalikuwa ripoti za wapelelezi kabla ya kuwa mawaidha.

Isindu ni kisa kingine, na kwangu ni kizito zaidi. Huyu ni kware mdogo wa mwituni, Wajaluo wanamwita aluru, na hakai mahali pamoja mwaka mzima. Hufuata mvua na nyasi. Mtegaji wa magharibi mwa Kenya aliweka ndege hai ndani ya matundu yaliyofumwa, akayatundika kwenye mti mrefu uliosimikwa shambani, ili sauti yao iwavute wenzao wanaopita, na chini akatega tanzi kwenye vijia vya nyasini. Mtego wa aina hii haufanyi kazi kwa bahati. Ukisimika mti mapema mno, unalisha ndege wa kuita bure. Ukichelewa, wenzao wameshapita. Ilibidi mtu asome mawingu, urefu wa nyasi na ukomavu wa wimbi, kisha aamue. Zaidi ya hapo, yule ndege wa kuita alikuwa amenaswa msimu uliotangulia na kutunzwa kwa miezi, maana yake windo la mwaka huu lilianza mwaka jana. Sijui mfano bora wa maandalizi yaliyomeza kazi yenyewe.

Mtu anaweza kunipinga kwamba ninakuza mchezo wa watoto. Wabukusu wa huku ni wafugaji na wakulima, atasema, na ndege waliachiwa wavulana wachungaji wenye manati na ulimbo. Mtu mzima hakujengewa heshima kwa kitoweo cha ukubwa wa ngumi. Kuhusu heshima sina ubishi. Lakini ni nani aliyekuwa malishoni kuanzia umande hadi machweo, siku baada ya siku, kwenye ardhi ileile? Mchungaji alipita chini ya mti wa kanga akielekea mtoni na alipita tena akirudi. Kwamba kazi hii iliachiwa watoto inaeleza tu kwa nini wasafiri na maofisa hawakuiandika: walipouliza habari za uwindaji waliwauliza wazee, na wazee wakawasimulia nyati.

Walioandika walikuwa wenye bunduki. Frederick Jackson alifika Elgon mwaka 1890 akiongoza msafara wa Kampuni ya Imperial British East Africa, na mwaka uliofuata kwale wa misitu ya mlimani akapewa jina lake na wataalamu wa Uingereza, kana kwamba hakuwa na jina. Kitabu chake juu ya ndege wa kuwindwa wa Kenya na Uganda kilitoka London mwaka 1926, mwaka uleule reli ilipofika Kitale na kuwaunganisha walowezi wa Trans Nzoia na soko. Hugh Stoneham, aliyekusanya ndege, vipepeo na wadudu wengine hadi kifo chake mwaka 1966, aliiachia nchi mkusanyo uliozaa jumba la makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974. Siwabezi watu hawa. Lebo yenye tarehe na mahali, iliyofungwa mguuni mwa ndege mkavu, ni ushahidi ambao masimulizi ya mdomo hayawezi kutoa. Ila lebo hiyo inataja siku moja, siku ya kufa. Mti wa kulala, njia ya mtoni, wiki tatu za kusubiri, havina droo.

Sheria nayo ilifuata mkondo huo. Kanuni za ukoloni zilishughulika na leseni na silaha. Marufuku ya mwaka 1977 ilifunga uwindaji, ingawa upigaji wa ndege kwa leseni uliendelea baadaye. Na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikataja hata uwindaji wa kitoweo kuwa kosa. Hapa pingamizi kubwa kuliko lile la kwanza hujitokeza: marufuku imewaokoa ndege, na anayeulilia upelelezi analilia ujangili. Ningelikubali hilo kama bunduki na tanzi ndivyo vilivyokuwa hatari kuu. Lakini tazama ardhi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, mahindi chotara ya kwanza yakatolewa mwaka 1964, na wimbi likasukumwa pembeni. Bungoma ikapata Kampuni ya Sukari ya Nzoia mwaka 1975, na miwa ikachukua nafasi ya malisho na vichaka. Mashamba makubwa ya walowezi yakagawanywa, kisha yakagawanywa tena kwa urithi. Isindu anahitaji nyasi na nafaka fupi. Kanga anahitaji kichaka cha kutagia karibu na shamba wazi, na mti mkubwa ambao haujageuzwa makaa. Marufuku haiyalindi hayo kwenye ekari mbili za mtu binafsi. Na wakati wa homa ya kufuga kware ya 2013 na 2014, watu walipopanga foleni kuomba vibali vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na baadaye soko likaporomoka, ndege waliofugwa walikuwa wa jamii ya Japani, wanaotaga kizimbani mwaka mzima. Jina la kware lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na hakuna aliyelazimika kujua isindu hufika lini.

Marufuku iliondoa sababu ya kutazama; mahindi na miwa viliondoa cha kutazamwa. Nadhani hasara ya kwanza iliificha ya pili, kwa kuwa aliyezoea kuhesabu kanga kila Januari ndiye angegundua kabla ya wengine kwamba kundi limepungua. Wanaoendelea na hesabu hiyo leo ni wakulima, kwa sababu isiyo na mapenzi yoyote kwa ndege: kanga hufukua mbegu mpya za mahindi. Mwezi wa Machi, palipobaki kanga, mwenye shamba hujua wanatokea upande gani, saa ngapi, na usiku wanalala mti upi wa jirani.