Mtihani uliofanywa na watu 81

Mniwie radhi kwa kimya cha wiki tatu. Kazi zilinizidi, halafu nyumbani hakuna utulivu, kwa sababu kaka yangu anangoja matokeo. Yeye ni mhandisi wa ujenzi. Amehitimu, amefanya kazi chini ya wahandisi waliomtangulia, ameandika ripoti zake, ameketi mbele ya jopo akahojiwa, na sasa anasubiri aambiwe kama ni mhandisi kamili au arudi tena. Simu ikitetema anairukia. Wale tuliotuma namba zetu za KCSE kwa ujumbe mfupi, tukakaa tunaitazama simu kama vile ndiyo iliyofanya mtihani, tunaijua hali hiyo.

Juzi aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Na wewe, barua yako ya ajira inasema wewe ni mhandisi wa programu. Nani alikutahini?"

Nilicheka. Kisha nikaenda kusoma, na nikakuta historia ambayo sikufundishwa miaka minne yote ya shahada ya sayansi ya kompyuta.

Leseni ya uhandisi Marekani ilianzia Wyoming mwaka 1907, na chanzo chake kilikuwa maji. Ili mtu apewe haki ya kutumia maji ya mto kumwagilia shamba, alihitaji kuleta ramani iliyochorwa na mhandisi. Clarence Johnston, aliyekuwa mhandisi wa jimbo, alichoka kupokea ramani zilizotiwa sahihi na mawakili na watu wengine wasiojua kupima ardhi, kila mmoja akijiita mhandisi. Akapendekeza sheria, ikapita, na Agosti mwaka huo Charles Bellamy akawa mtu wa kwanza kupewa leseni. Majimbo mengine yakafuata polepole, kila moja kwa wakati wake.

Texas ilichelewa, na ilipoamka iliamshwa vibaya. Machi 18, 1937, katika kijiji cha New London, shule ililipuka muda mfupi kabla ya watoto kuruhusiwa kwenda nyumbani. Shule ile haikuwa maskini, kwani eneo lote lilikuwa linaogelea katika mafuta. Lakini ili kupunguza gharama iliunganishwa na bomba la gesi ya mabaki kutoka visimani, gesi ambayo wakati huo haikuwa na harufu. Ilivuja chini ya sakafu bila mtu kujua, kisha mashine ya umeme ya kupigia msasa ikatoa cheche. Walikufa watu wapatao 300, wengi wao watoto. Mwaka huohuo Bunge la Texas likapitisha sheria ya kuwapa wahandisi leseni, na sheria nyingine ya kutia gesi harufu. Ile harufu mbaya unayoisikia mtungi wa jikoni ukivuja, basi sasa unajua mojawapo ya sababu zake.

Sasa msomaji, shika jina la mahali. Si zaidi ya kilomita 50 kutoka New London kuna mji unaoitwa Tyler. Mwaka 1986, katika hospitali moja ya pale, wagonjwa wawili wa saratani walipigwa mionzi kupita kiasi na mashine iliyoitwa Therac-25, mmoja Machi na mwingine Aprili. Wote wawili walikufa kwa majeraha hayo. Kati ya 1985 na 1987 ajali za namna hiyo zilikuwa sita, Marekani na Canada.

Hapa nitakaa kidogo maana ndiyo kazi yetu. Mashine ile ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilitumia miale ya elektroni yenye nguvu ndogo. Ya pili ilitumia nguvu kubwa sana, lakini miale ilipaswa kwanza kugonga kipande cha chuma na kugeuka eksirei. Mhudumu aliandika herufi moja kuchagua njia. Mhudumu wa Tyler alikuwa mwepesi wa vidole. Aliandika x kwa kuzoea, akagundua kosa, akarudi juu, akaweka e, akaendelea. Sumaku za mashine zilichukua kama sekunde 8 kujipanga, na mabadiliko yaliyofanywa ndani ya sekunde hizo sehemu moja ya programu haikuyaona. Kioo kilionyesha e, lakini ndani mashine ilikuwa na nguvu za x, na kipande cha chuma hakikuwa mahali pake. Ilipokwama ikaandika "Malfunction 54", na kitabu cha mhudumu hakikueleza maana yake. Matoleo ya zamani ya mashine hiyo yalikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuzuia jambo kama hilo. Katika toleo hili viliondolewa, ikaachiwa programu peke yake. Aliyegundua siri ni mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, pamoja na mhudumu mwenyewe. Walirudia kuandika na kusahihisha haraka mpaka kosa likajitokeza mbele ya macho yao.

Programu ile iliandikwa na mtu mmoja. Kila nikisoma habari hiyo nakwama hapo.

Mwaka 1998 Texas ikawa jimbo la kwanza Marekani kuutambua uhandisi wa programu kama taaluma ya leseni. Mtihani haukuwepo, kwa hiyo wa kwanza walipewa kwa kuangaliwa uzoefu wao na maneno ya wadhamini. Wenye taaluma wakagawanyika. ACM, chama kikubwa cha wanakompyuta, kikatangaza mwaka 1999 kwamba kinapinga. Kilisema ujuzi wetu bado haujakomaa, na leseni itawapa wananchi imani isiyo na msingi. Wengine, kama David Parnas wa Canada, waliona kwamba anayejenga kitu kinachoweza kuua awajibike kama anayejenga daraja. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na haki, na ndiyo maana mabishano hayajaisha.

Mtihani wenyewe ulifika Aprili 2013. Saa 8, maswali 80, karatasi na penseli. Ndiyo, wahandisi wa programu walitahiniwa kwa penseli! Vitabu viliruhusiwa, na katika mitihani hii ya uhandisi watu walikuwa wakiburuta masanduku ya vitabu kama wanaohama nyumba. Lakini kabla ya kuufikia ulitakiwa upite mtihani wa msingi wa uhandisi, wenye mambo ambayo mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hakuwahi kuyagusa, kisha uwe na miaka ya kazi, kwa kawaida minne. Baada ya kuketi ulingoja kama wiki 8 hadi 10. Ukipita uliambiwa umepita basi, hakuna alama. Ukianguka ndipo ulipewa ripoti ya mahali ulipojikwaa.

Baraza linalotunga mitihani hiyo, NCEES, lilipotangaza mwaka 2018 kwamba litaufuta, mtihani ulikuwa umefanyika mara tano na watahiniwa kwa jumla walikuwa 81. Themanini na mmoja, katika nchi yenye waunda programu wasiohesabika! Aprili 2019 ukafanywa kwa mara ya mwisho. Waajiri hawakuudai, na sheria haikuwalazimisha walio wengi.

Huku kwetu wahandisi wana bodi yao chini ya sheria ya 2011, na kaka yangu yuko mikononi mwake. Sisi tuliletewa mswada wa wataalamu wa teknolojia ya habari mwaka 2016, wa kutuandikisha na kutupa leseni. Tulipiga kelele, mimi nikiwa mwanafunzi tu, nikaandika maneno makali kuliko umri wangu. Ulirudi tena 2020, ukapita Bungeni, na 2022 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi. Nilifurahi. Bado naamini ungemfungia mlango kijana aliyejifunza mwenyewe katika saiba ya mtaani, wala usingezuia kosa hata moja.

Lakini kuna jambo sikumwambia kaka. Miaka miwili iliyopita niliandika programu ya famasia kwa ajili ya kliniki moja. Ukibonyeza kurudi nyuma kisha ukamchagua mgonjwa mwingine, jina lilibadilika, ila uzito uliotumika kukokotoa dozi ulibaki wa yule wa kwanza. Mtoto wa kilo 8 aliandikiwa dozi ya mtoto wa kilo 14. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alipiga hesabu kichwani kama alivyozoea, akaona haiingii, akanipigia simu. "Kijana, mashine yako inasema uongo." Nilirekebisha usiku uleule. Mistari minne. Hakuna aliyeniuliza kitu, na kesho yake nililipwa.

Basi nilimjibu kaka jana usiku: ni muuguzi aliyenitahini. Akataka kujua maana yake, nikamsimulia yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mtoto yule alikunywa ile dawa. Hakuinywa. Akashusha pumzi, na simu yake ikatetema. Ilikuwa ni kampuni ya simu inatangaza bando.