Notisi Kabla ya Kufuli: Kinga ya Mpangaji wa Makao nchini Kenya

Mwenye duka anayedaiwa kodi nchini Kenya amekingwa na sheria kuliko jirani yake aliyepanga chumba cha kulala juu ya duka hilohilo. Wote wawili wakishindwa kulipa, wa chini hawezi kuondolewa ila kwa utaratibu ulioandikwa hatua kwa hatua, ilhali wa juu huenda akarudi jioni akakuta kufuli geni mlangoni, au mlango wenyewe umeng'olewa. Sheria haibariki kufuli hilo, lakini haijaweka mbele yake kizuizi ambacho mtu wa kawaida anaweza kukitumia. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo haina msingi, na kwamba notisi rasmi inayotaja sababu, kiasi kinachodaiwa, tarehe na nafasi ya kujibu iwe sharti la kumwondoa mpangaji yeyote wa makao, awe analipa kodi ndogo au kubwa.

Kielelezo cha notisi kama hiyo tunacho tayari. Sheria ya mwaka 1965 ya maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, inahusu upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano; kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya biashara ndogo za mijini. Mwenye jengo anayetaka kuuvunja upangaji huo sharti ajaze fomu maalumu, Fomu A, ataje sababu, na asubiri angalau miezi miwili tangu mpangaji aipokee. Deni la kodi ni sababu halali iwapo limepitisha miezi miwili tangu siku ya kulipwa, au iwapo mpangaji ana mazoea ya kuchelewa. Mpangaji naye anatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na asiporidhika apeleke shauri kwenye baraza la kodi kabla ya notisi kuanza kufanya kazi. Hata namna ya kuifikisha imeelezwa: apewe mwenyewe mkononi, au jamaa yake mtu mzima, au mfanyakazi wa hapo, au itumwe kwa posta ya rejista. Katika Rufaa ya Madai Na. 203 ya 1994, iliyohusu duka la Diani, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba upangaji wa aina hii hauvunjiki kwa njia nyingine yoyote nje ya utaratibu huo. Ukali huo hauelekei upande mmoja tu, jambo ambalo wenye majengo hulisahau wanapolalamika: mpangaji akinyamaza, asijibu wala asiende barazani, notisi inashika na hana pa kujitetea.

Wapangaji wa makao wana Sura ya 296, ya mwaka 1959. Kwenye karatasi ni sheria yenye meno: haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya baraza, na kumsumbua ili ahame ni kosa la jinai. Tatizo ni kwamba inahusu tu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi Sh2,500 kwa mwezi, na kodi hiyo bado inapimwa kwa kurejelea tarehe 1 Januari 1981. Leo kiwango hicho kinapatikana kwenye vyumba vya mabati katika mitaa ya mabanda. Bedsita ya kawaida Nairobi au Mombasa imekipita mbali. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya kaya za mijini zinaishi kwa kupanga. Wengi wao, basi, wanaangukia Sheria ya Ardhi ya 2012, ambayo kifungu chake cha 65 kinamruhusu mwenye nyumba kutoa notisi ya kusudio la kuvunja mkataba kodi ikipitisha mwezi mmoja bila kulipwa, awe ameidai kwa maandishi au la. Hakuna fomu iliyowekwa kama ile ya dukani, wala baraza la karibu la kukimbilia. Ndiyo maana notisi ya makao kwa kawaida ni ujumbe wa simu, au karatasi aliyoibandika keateka mlangoni: lipa kabla ya tarehe tano au uhame.

Karatasi hiyo haisemi deni ni la nini, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Malimbikizo ya kodi ni hesabu, na hesabu ina pande mbili. Mpangaji ametuma fedha kwa M-Pesa kwenye namba ya keateka, si ya mwenye nyumba. Au amelipa bila kuandika namba ya chumba. Amekatwa ada ya maji na taka ambayo haikutajwa alipoingia. Ametengeneza bomba kwa fedha zake kwa ahadi kwamba zitapunguzwa kwenye kodi. Dipoziti anaihesabu kuwa ni kodi ya mwezi wa mwisho, mwenye nyumba anaihesabu kuwa ni ya kupaka rangi. Notisi inayomlazimu mdai kuandika mwezi kwa mwezi anachodai humaliza nusu ya mabishano kabla ya hakimu kuyasikia, na inayobaki humpa hakimu pa kuanzia. Mwenye nyumba mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika, kwa kuwa ushahidi anaoulizwa mahakamani ni huohuo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba wenye nyumba si matajiri wote. Wengi ni wastaafu waliojenga kwa mkopo, na benki haingoji notisi ikomae. Ni kweli, lakini miezi miwili ya dukani si lazima ihamie nyumbani. Muda unaweza kuwa mwezi mmoja, mradi fomu na nafasi ya kujibu vibaki. Isitoshe, kudai deni na kumtoa mtu ni mambo mawili. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inampa mdai njia ya kufuata fedha zake kupitia dalali mwenye leseni bila kugusa upangaji. Pingamizi la pili ni wale wanaohama usiku na deni. Aliyekusudia kutoroka hazuiwi na notisi wala na kufuli. Wa kwanza kuumizwa na kufuli ni yule ambaye angelipa mshahara ukiingia.

Pingamizi zito ni la tatu: mabaraza yatazidiwa. Sina jibu la kulifuta kabisa. Hata hivyo, chini ya Sura ya 301 ni notisi inayopingwa tu ndiyo inayofika barazani, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kila anayejua anadaiwa atapinga. Tena mwenye nyumba asiyeamini utaratibu hutafuta usalama kwingine. Tanzania, ambako sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, mazoea ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo yanaendelea, na anayeumia ni asiye na fedha hizo siku ya kuingia.

Mswada wa 2021 uliokusudia kuunganisha sheria hizi za Kenya haukufikia kuwa sheria. Bunge litakapourudia, liondoe kikomo cha Sh2,500, na lichapishe fomu ya makao kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Mpangaji asome mwenyewe anadaiwa nini, na ajue tarehe ya mwisho ya kujibu.