Mabinti wa Mtoni na punda weupe wa Maskati

Msimu wa harusi ukifika, swali huwa lile lile: bibi harusi kupanda farasi si uzungu? Safari hii limetoka kwa mabinti wa kisiwani walioolewa Iringa na Mbeya. Tunawaelewa. Huko Nyanda za Juu Kusini farasi hakuwa mnyama wa mazoea. Mapori ya ndorobo yalimuua njiani kabla hajafika, na ndiyo maana misafara ya pwani kwenda bara ilibeba mizigo vichwani na mabegani.

Unguja ilikuwa vingine. Twendeni Mtoni, kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe, kwenye jumba la Sayyid Said lililoitwa Beit el-Mtoni. Sayyida Salme alizaliwa humo mwaka 1844, na kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, zimejaa wanyama. Uani walitembea tausi, paa na mbuni, na watoto wakikimbizana nao. Jumba lilikuwa na watu kama elfu moja, mtaa mzima chini ya paa moja.

Humo kupanda mnyama kulikuwa sehemu ya malezi. Asubuhi na jioni watoto walifundishwa, wa kike na wa kiume. Mtoto akishajua, baba alimpa mnyama wake mwenyewe. Wavulana walijichagulia farasi bandani. Wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati, na msidhani walipunjwa: punda wale mara nyingi walikuwa na bei kuliko farasi, na matandiko yao yalikuwa ya fahari. Jioni walishindana mashambani mpaka adhana ya magharibi iwarudishe nyumbani. Baadaye, alipohamia Beit el-Watoro kwa kaka yake Majid, Salme alifundishwa naye kupanda farasi na kulenga shabaha.

Ubishi ulikuwepo, ila haukuhusu kupanda. Mke mmoja wa Sayyid Said, binti wa kifalme kutoka Uajemi, alitoka mchana kweupe na wapanda farasi wake wa Kiajemi kwenda kuwinda, bila kujali nani anamtazama. Waarabu wa Unguja hawakuvumilia. Mwisho aliachwa, akarudi kwao. Kilichowaudhi ni stara, si farasi. Surat An-Nahl, aya ya 8, inawataja farasi, nyumbu na punda kuwa vipando na pambo, wala haisemi ni kwa wanaume peke yao.

Tunajua baadhi yenu mtasema: huyo Salme si aliacha dini? Ndiyo. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka 1867, na jambo hilo linatuuma. Lakini utoto anaousimulia ni wa nyumba ya Kiislamu, na waliompandisha juu ya mnyama walikuwa baba yake na kaka yake.

Basi dada wa Iringa, ukiulizwa na wakwe, waambie habari za Mtoni. Vaa nguo pana, suruali ndani, buibui isiyonasa kwenye matandiko, na mshika hatamu awe maharimu yako. Ukija likizo, magofu ya jumba bado yapo pale ufukweni.