Chikungunya ni neno la Kimakonde: Maneno 5 ya hospitali na yalikotoka

Mgonjwa akitoka hospitali, iwe Uwemba, Njombe mjini au Makambako, kadi yake imejaa Kiingereza. Lakini mengi ya maneno hayo hata Waingereza waliyaazima, na yalianza kama maneno ya kawaida tu.

1. Malaria
Ni Kiitaliano: “hewa mbaya”. Zamani watu waliamini homa hii inaletwa na hewa chafu ya mabwawa. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross aliona vimelea ndani ya mbu, ila jina likabaki. Baridi ya Uwemba huwapunguza mbu, lakini ukishuka kwenye joto, beba chandarua.

2. Vaccine
“Vacca” kwa Kilatini ni ng’ombe. Mwaka 1796 Edward Jenner wa Uingereza alimchanja mtoto wa miaka 8 kwa majimaji ya ndui ya ng’ombe ili asipate ndui yenyewe. Kiswahili kikaangalia kitendo: kuchanja, ndiyo chanjo.

3. Cancer
Kwa Kilatini ni kaa. Wagiriki wa kale waliona mishipa inayozunguka uvimbe imetandaa kama miguu ya kaa. “Saratani”, neno tulilopata kwa Waarabu, nalo maana yake ni kaa.

4. Chikungunya
Hili limetoka kwetu. Mwaka 1952 hadi 1953 homa ngeni ilizuka Newala. Wamakonde wakaipa jina kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mwaka 1955 madaktari waliichapisha kwenye jarida la kitabibu, na leo dunia nzima inalitumia jina hilo. Wapo wanaoliita neno la Kiswahili, lakini sivyo.

5. Negative
Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Asili yake ni Kilatini, “kukana”. Kwenye kipimo, negative maana yake kilichotafutwa hakikuonekana. Siyo jibu baya. Positive maana yake kimeonekana.

Njombe tofauti hiyo ni kubwa. Utafiti wa 2022/23 uliutaja mkoa huu kuongoza nchini kwa VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Jibu likiwa positive, ARV zinatolewa bure, na kuanza mapema kunaokoa maisha.

Kwa hiyo neno usilolielewa kwenye kadi, muulize daktari au nesi palepale kabla hujaondoka.